Unakwenda Kupasuliwa kwa Nusu Kaputi: Jinsi ya Kujiandaa na Jinsi ya Kupona

Maswali ninayoulizwa wodini ni yale yale kila wiki. Nikinywa chai kidogo asubuhi kuna ubaya? Dawa zangu za presha nimeze au niache? Nisuke nywele au nifumue? Nitaamka kweli? Nikirudi nyumbani nikae muda gani bila kubeba ndoo? Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Moshi, na wanaouliza wanatoka kila upande: Rombo, Machame, Same, Sanya Juu, wengine Arusha na Monduli. Nimeyaandika majibu pamoja ili aliyepewa tarehe ya operesheni ayasome akiwa bado nyumbani, wakati muda wa kujiandaa upo.

Mwongozo huu ni wa upasuaji uliopangwa. Ikiwa ni dharura, mathalani ajali au kidole tumbo kilichopasuka, hatua nyingi za hapa hazitawezekana. Hapo la muhimu ni kusema ulikula na kunywa nini mara ya mwisho, na saa ngapi. Na daktari wako akikuelekeza tofauti na nilivyoandika, mfuate yeye, maana yeye ndiye amekupima.

Kwanza, nusu kaputi ni nini

Ni dawa ya usingizi mzito, inayopitia kwenye mshipa au inayovutwa kama hewa, mpaka mtu hasikii wala hajui kinachoendelea. Usingizi huo unalegeza pia ulinzi wa koo. Ukiwa macho, maji yakipotea njia unakohoa papo hapo. Chini ya nusu kaputi hukohoi. Kilichomo tumboni kikipanda juu kinaweza kuingia kwenye mapafu, na hilo huua. Masharti mengi yanayowaudhi wagonjwa yametokana na jambo hilo moja.

Kuhusu kuamka: dawa hutolewa mfululizo muda wote wa operesheni, na ikisimamishwa mtu huamka. Mtaalamu wa usingizi hukaa karibu na kichwa chako toka mwanzo hadi mwisho, akiangalia mapigo ya moyo, presha na hewa ya oksijeni kwenye damu. Hatari haikosekani kabisa, lakini sehemu kubwa ya kuipunguza iko mikononi mwako kabla hujaingia thieta, yaani chumba cha upasuaji: tumbo liwe tupu, na yule mtaalamu awe ameambiwa ukweli wote.

Ganzi ya mgongo ni kitu kingine, hapo unakuwa macho na sehemu ya chini tu ndiyo imekufa ganzi. Ila jiandae vile vile, kwa sababu ganzi ikishindikana unaweza kuhamishiwa nusu kaputi palepale.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi zako zote: barua ya rufaa, majibu ya damu, picha za eksirei na ultrasaundi, kadi ya kliniki ya presha, kisukari au CTC (kliniki ya VVU).
- Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake. Vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti havitusaidii, hatuwezi kujua ni nini.
- Kadi ya bima na kitambulisho. Uliza mapema kama upasuaji wako unahitaji kibali cha bima, usisubiri siku yenyewe. Kama huna bima na gharama zimekushinda, omba kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya tarehe.
- Ndugu mmoja mtu mzima, mwenye simu yenye chaji, atakayekuwa na wewe siku hiyo na usiku unaofuata.
- Watu wa kuchangia damu, kama umeambiwa uwalete. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi, kilo 50 au zaidi, mwenye afya, na awe amekula. Damu haiuzwi, mtu akikuomba hela ya damu, ripoti kwa uongozi wa hospitali.
- Kanga 2 au 3, nguo inayofunguka mbele, ndala zisizoteleza na sweta. Miezi ya Juni na Julai huku kwetu baridi si ya mchezo, na mgonjwa aliyetoka thieta huisikia maradufu.

Hatua kwa hatua

1. Mwambie mtaalamu wa usingizi kila kitu. Atakuuliza maswali mengi, mengine yataonekana hayahusiani na ngiri yako au uvimbe wako. Jibu yote. Ana haja ya kujua kuhusu pumu, presha, kisukari, kifafa, selimundu, magonjwa ya moyo, ini na figo. Mweleze kama una mzio wa dawa yoyote. Mwambie kama wewe au mtu wa damu yako, yaani mzazi, ndugu au mtoto, aliwahi kupata shida kwenye nusu kaputi, kwa sababu kuna matatizo machache ya hatari yanayorithiwa na ambayo hayaonekani mpaka siku dawa inapoingia. Mwanamke aseme kama kuna uwezekano wa mimba, hata kama ana mashaka tu.

Usimfiche habari za ARV. Watu wengi wananyamaza kwa sababu wamekuja na shemeji au mama mkwe. Una haki ya kuomba kuzungumza naye peke yako. Sema tu, "Daktari, naomba ndugu yangu atupishe kidogo." Tumezoea ombi hilo, na hakuna atakayekushangaa.

Mwonyeshe na meno. Wakati wa kuweka mpira wa kupumulia, kifaa cha chuma hupita karibu sana na meno ya mbele. Wale tuliokulia maeneo yanayozunguka Mlima Meru, Arumeru kwa mfano, tunayajua maji yenye floridi nyingi na meno ya kahawia yanayotokana nayo. Yaliyoathirika sana humeguka kwa urahisi. Jino linalotikisika, jino la bandia, jino lililozibwa, yote yataje.

2. Panga dawa zako, usiamue mwenyewe. Hapa ndipo wagonjwa wanapoharibu kwa nia njema: mtu anaambiwa asile kitu, basi anaacha na dawa zote. Omba uandikiwe kwenye karatasi dawa ipi unameza asubuhi ya operesheni na ipi unaacha. Kwa kawaida inakwenda hivi:

- Dawa nyingi za presha huendelea, zinamezwa na maji kidogo alfajiri. Atenolo na bisoprolo kamwe hazikatishwi ghafla. Losatani, enalaprili na lisinoprili mara nyingi husimamishwa siku moja kabla, kwa hiyo uliza kwa jina.
- Kisukari: metformini kwa kawaida haimezwi asubuhi ya operesheni. Insulini hupunguzwa au kubadilishwa kwa hesabu ya daktari. Kujichoma dozi kamili huku tumbo ni tupu kunaweza kukushushia sukari mpaka ukapoteza fahamu. Dapagliflozini na empagliflozini husimamishwa siku 3 kabla.
- Dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini na klopidogreli, zinahitaji siku kadhaa kutoka mwilini. Wafarini huachwa kama siku 5. Usiziache bila daktari kukwambia, kwani aliyewekewa vali ya moyo anaweza kupata kiharusi. Asipirini nayo uliza.
- Dawa za kifafa na ARV zinaendelea. Pampu ya pumu tumia asubuhi na uje nayo.
- Kama umetumia predinisoloni kwa wiki nyingi, sema, hata kama umeshaiacha.
- Dawa za miti shamba, na vidonge au unga wa vitunguu saumu, acha wiki 2 kabla. Baadhi huongeza kutoka damu, na nyingine hatujui zinavyogongana na dawa za usingizi.

3. Sigara, pombe, mirungi. Ukiacha sigara wiki 4 au zaidi kabla, mapafu na kidonda vitakushukuru. Kama umechelewa, acha hata saa 24 tu, maana damu itabeba oksijeni vizuri zaidi. Pombe usiguse siku ya kuamkia operesheni. Mbege nayo ni pombe, tena ni nzito, ina ulezi na ndizi ndani; haiingii kwenye hesabu ya vinywaji vinavyoruhusiwa. Lakini kama wewe ni mtu wa kunywa kila siku, usikate ghafla peke yako nyumbani ukaja unatetemeka. Tuambie unakunywa kiasi gani, tukusaidie kushuka kwa usalama, kwani kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mirungi hupandisha mapigo ya moyo na presha, itaje. Hapa si polisi.

4. Andaa mwili. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi, na uvae nguo safi. Usijinyoe na wembe sehemu itakayopasuliwa. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu huingilia, na ikibidi nywele zitapunguzwa hospitali kwa mashine. Ondoa rangi ya kucha na kucha za bandia, walau vidole viwili vitatu vya kila mkono. Kile kibanio cha kidoleni kinasoma oksijeni kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito, hina au piko, huweza kukichanganya. Nywele: fumua misuko minene na vifundo vya kisogoni, toa wigi na pini zote za chuma. Kichwa kinatakiwa kilale vizuri ili njia ya hewa ipatikane. Pete, hereni, cheni na shanga za kiunoni mwachie ndugu.

5. Funga kula na kunywa kwa saa zinazotakiwa. Nakuomba usome hapa mara mbili.

- Chakula cha mafuta au nyama: saa 8 kabla.
- Chakula chepesi, uji, maziwa, chai ya maziwa, mtori au supu isiyo na nyama wala mafuta, juisi yenye nyama ya tunda: saa 6 kabla.
- Maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa: saa 2 kabla.

Tuseme operesheni yako ni saa 2 asubuhi. Chakula chepesi cha mwisho kimalizike kabla ya saa 8 usiku, na kwa vile hakuna anayeamka kula saa hizo, kula chakula chepesi saa 2 au saa 3 usiku na ulale. Maji matupu unaweza kunywa mpaka saa 12 asubuhi. Hospitali nyingi huweka kanuni rahisi ya kutokula chochote baada ya saa 6 usiku. Ukiambiwa hivyo fuata, ila uliza maji ni mpaka saa ngapi. Kukauka bila sababu kunakuletea maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na muuguzi anahangaika kutafuta mshipa wa dripu.

Kuna mama mmoja alishuka kutoka Kibosho alfajiri. Nilimpokea nikamuuliza, "Mama, leo umekula nini?" Akajibu, "Sijala kitu, mwanangu." Nikauliza tena, "Wala kunywa?" Akasema, "Chai tu ya maziwa, kikombe kile kidogo, nikisubiri gari." Operesheni ikaahirishwa. Mwanawe alikuwa ameomba ruhusa kazini Dar es Salaam kwa ajili ya siku ile, na mama alilia. Lakini alisema kweli, na kusema kweli kulimwokoa. Huku kwetu chai haihesabiwi kuwa kula, ndiyo maana siku hizi sisemi tu "usile", nataja kikombe chenyewe. Ukijisahau ukala, sema. Kuahirishwa kunauma, lakini mapafu yaliyoingiwa na maziwa hayana marekebisho rahisi.

Bigijii na pipi navyo acha.

Kama anayepasuliwa ni mtoto, maziwa ya mama mwisho saa 4 kabla, maziwa mengine saa 6, maji saa 2. Usimfungishe kupita hapo, mtoto mdogo sukari yake hushuka haraka. Mwangalie hata bibi yake, maana huruma ya bibi ndiyo huleta mandazi chini ya kanga. Na mtoto akiwa na mafua, kikohozi au homa siku hizo, piga simu mapema. Njia zake za hewa huwa na hasira na zinaweza kubana akiwa usingizini, kwa hiyo mara nyingi operesheni husogezwa wiki kadhaa.

6. Asubuhi ya operesheni. Nenda haja ndogo, vaa gauni la thieta, toa meno ya bandia na lenzi za macho. Utapewa fomu ya ridhaa. Usisaini kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Uliza wanakata nini, upande gani, na kuna njia gani nyingine. Utaulizwa jina lako na upande unaopasuliwa mara tatu nne, na watu tofauti. Si kwamba hawawasiliani. Ni utaratibu wa usalama ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2008, na unazuia mtu kupasuliwa goti lisilo lake. Jibu kila mara, na ukisikia wamekosea, sema kwa sauti.

Ndani ni baridi na taa ni kali. Utawekewa barakoa ya oksijeni, dawa itaingia kwenye kanula (kile kimrija kilichowekwa kwenye mshipa wa mkono), pengine mkono utachoma kidogo, na hapo hutakumbuka zaidi.

7. Kuamka. Utasikia jina lako likiitwa. Unaweza kujikuta unatetemeka, koo limekauka, kichefuchefu kipo, na mpira wa mkojo au bomba la kutolea majimaji limewekwa. Usivute kitu chochote. Ukisikia maumivu au kutaka kutapika, sema hapo hapo, dawa zipo. Ndugu wasikupe maji kwa kukuonea huruma mpaka muuguzi aruhusu.

8. Saa 24 za mwanzo. Hata ukijiona mzima, akili bado ina dawa. Usiendeshe gari wala bodaboda, usipike peke yako kwenye jiko la mkaa, usinywe pombe. Usisaini karatasi za shamba au mkopo, na usitume hela kwa simu; waliobonyeza namba isiyo yao wakiwa bado na usingizi wapo. Mtu mzima alale karibu nawe. Mama anayenyonyesha kwa kawaida anaweza kunyonyesha akishaamka sawasawa, ila aulize kuhusu dawa za maumivu alizopewa.

9. Pumua, kohoa, tembea. Hii ndiyo kazi yako kubwa baada ya upasuaji, na ndiyo inayodharauliwa. Ukilala tu chali kwa kuogopa maumivu, sehemu za chini za mapafu zinajikunja, makohozi yanabaki, na nimonia inaingia. Damu nayo inaganda miguuni.

Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara 10, ukishikilia kidogo kila mara kabla ya kutoa. Kisha kohoa. Kunja kanga mpaka iwe nene kama mto mdogo, iweke juu ya bandeji, ibane kwa viganja viwili, vuta hewa kwa pua, ukohoe mara mbili kwa nguvu. Mshono hautafumuka. Kanga inaubeba, na utashangaa maumivu yanavyopungua. Katikati ya hayo, chezesha vifundo vya miguu juu na chini.

Kutembea kunaanza siku ile ile au kesho yake, daktari akiruhusu. Usinyanyuke kwa kujivuta mbele kwa tumbo. Kunja magoti, geuka ubavu, shusha miguu chini huku ukijisukuma na kiwiko. Kaa dakika chache pembeni ya kitanda mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo usimame, na mtu awe karibu. Ndugu wanaokuja na kusema "muacheni apumzike" wanampenda mgonjwa, lakini wamsaidie atembee mpaka dirishani na kurudi.

10. Maumivu. Meza dawa kwa saa ulizopangiwa, usisubiri maumivu yapande, kwa sababu mwenye maumivu hakohoi wala hatembei. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamo kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Angalia pakiti, maana baadhi ya vidonge vya diklofenaki na dawa nyingi za mafua vina parasetamo ndani, na watu wanajikuta wamemeza mara mbili. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asinunue diklofenaki dukani.

11. Kula. Anza na maji, halafu vyepesi, kwa ruhusa ya wodi. Aliyepasuliwa utumbo ana ratiba yake. Mtori mwepesi ni mzuri, ila usiufanye chakula pekee kwa wiki nzima: kidonda kinahitaji protini, kwa hiyo ongeza mayai, maharage, samaki, nyama, pamoja na mboga na matunda. Maji ya kutosha na mboga husaidia choo, kwa sababu dawa kali za maumivu hukifunga.

12. Kidonda. Kiache kikavu na kimefunikwa saa 48 za mwanzo, au kama ulivyoelekezwa. Baada ya hapo kwa kawaida maji ya kuoga yanaruhusiwa. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Usipake spiriti, dawa ya meno, asali ya mnadani wala unga wa kidonge cha antibiotiki kilichofunguliwa. Na kwa wale waliopasuliwa tumbo, nasisitiza, kataeni kukandwa na maji ya moto. Nimewaona akina mama wakirudi na malengelenge juu ya mshono. Kukanda hakutoi "damu mbaya", kunaunguza ngozi ambayo bado ina ganzi. Nyuzi zitolewe tarehe uliyoandikiwa, hata kama kidonda kinaonekana kimepona.

13. Kurudi nyumbani na kazi nzito. Usipande bodaboda. Kwenye gari weka kanga iliyokunjwa kati ya mkanda na kidonda. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Simameni Boma Ng'ombe au Usa River ushuke utembee kidogo.

Aliyepasuliwa tumbo au ngiri asibebe mzigo mzito kwa muda wa wiki 6 hivi, au kama daktari alivyosema. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mkungu wa ndizi unaweza kuzidi hapo. Mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukipanda nao mlima, ndio mbaya kuliko yote. Ng'ombe wa ndani hangoji, atalia asubuhi, na mama aliyetoka wodini juzi atachukua mundu. Kwa hiyo panga kabla ya kulazwa: nani atakata majani, nani atateka maji, kwa wiki zote 6. Kama itabidi kumlipa kijana, iweke hela hiyo kwenye bajeti ya matibabu. Kama mgonjwa ni mama, baba wa nyumba alisikie hili kutoka kwa daktari mwenyewe. Mlete siku ya kuruhusiwa.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Koo linauma, sauti imekwaruza.* Ni mpira wa kupumulia. Huisha kwa siku 1 au 2. Kunywa maji ya vuguvugu.

*Misuli yote inauma kama umelima.* Moja ya dawa za kulegeza misuli hufanya hivyo. Itapita yenyewe.

*Ndoto za ajabu wakati wa kuamka.* Ketamini, mojawapo ya dawa za usingizi, huleta hali hiyo. Si mapepo. Chumba kiwe kimya, mtu unayemfahamu aongee nawe polepole.

*Mzee anachanganyikiwa, haijui siku, anaona vitu.* Hutokea kwa wazee baada ya upasuaji na huweza kudumu siku kadhaa. Msikimbilie kusema amelogwa, na msimfunge kitandani. Mwiteni muuguzi, kwa sababu chanzo chaweza kuwa maambukizi, maumivu, mkojo uliobana au oksijeni ndogo. Mvalisheni miwani yake, fungueni pazia mchana, mtajieni alipo na jina lako kila unapoingia: "Shikamoo babu, ni mimi mjukuu wako, tuko hospitali, ni Jumanne asubuhi."

*Mkojo haujatoka kwa saa 6 hadi 8, na chini ya kitovu pamejaa.* Sema mara moja.

*Tumbo linavimba, hutoi hewa, unatapika bila kukoma.* Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

*Kidonda kinatoa usaha, harufu au damu, au wekundu unasambaa.* Rudi. Usianze antibiotiki za dukani.

*Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu.* Usiukande, usiusugue kwa dawa ya kuchua. Huenda ni damu iliyoganda. Nenda hospitali leo.

*Kifua kinabana ghafla, pumzi inakata, au unakohoa damu.* Hii ni dharura hata saa 8 usiku. Tafuta gari.

*Homa ya nyuzi 38 au zaidi.* Kosa la kawaida ni kununua dawa ya mseto na kusubiri siku tatu. Malaria inaweza kuwepo na ipimwe, lakini baada ya upasuaji homa inaweza kutoka kwenye kidonda, mapafu, mkojo au ndani ya tumbo. Rudi kwa waliokupasua, au kituo cha afya kilicho karibu kama wako mbali, na ubebe ile karatasi ya ruhusa yenye maelezo ya operesheni. Ukifika mapokezi, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimefanyiwa upasuaji tarehe fulani." Ukisema tu una homa, utapangwa foleni na wenye homa wengine.